Legeza, Shemeji

Mjomba wangu anatengeneza mageti, na karibu kila anayekuja kuagiza geti kwake lazima atoe mzaha ule ule: "Lakini hili litafunga kweli, fundi?" Kisha anacheka peke yake. Mjomba naye anacheka kidogo, kwa adabu ya biashara, anashusha miwani yake ya kuchomelea na kuendelea na kazi. Mimi sicheki. Ningekuwa na uwezo ningewafungia wote nje ya mageti yao mvua ikinyesha.

Mtaani wanamwita Mlegevu. Asiyemjua akisikia jina hilo hutarajia kukuta mzee anayesinzia kwenye benchi, mate yakimtoka. Anakuta mtu aliyenyooka, anayefika karakana kabla ya vibarua wake, anayepima pembe ya geti mpaka mteja anachoka kusubiri, na ambaye asiporidhika hukata chuma upya kwa hasara yake mwenyewe. Jina halimfai hata kidogo. Lilitoka vitani, na mdomo uliolitoa ni wa baba yangu mzazi.

Mama na mjomba ni tumbo moja, yeye kaka na mama mdogo wake. Baba alikuwa nahodha katika jeshi la majini. Vita vilipoanza, mjomba alikuwa fundi mitambo kiwandani, hana shida na mtu. Ni baba aliyemfuata. "Njoo ufanye kazi chini yangu, shemeji," alimwambia. "Utakula vizuri na utarudi salama." Chakula alikipata, siwezi kubisha. Meli yao ndiyo iliyokibeba.

Haikuwa meli ya kupigwa picha. Ilikuwa pana, tako bapa, pua butu, na mabaharia wake waliiita Kabati. Ilibeba unga, vitunguu, mapipa ya mafuta, viatu, risasi, maji ya kunywa, na safari nyingine malori na askari wenyewe. Haikuhitaji gati. Ilikwenda moja kwa moja mpaka tumbo likagusa mchanga, mlango wake wa mbele ukalala chini ukawa daraja, na malori yakatoka yakinguruma. Meli za mizinga zilipigiwa saluti, Kabati ilipigiwa kelele kwamba imechelewesha vitunguu. Na kwa sababu ya lile tako bapa, iliyumba hata ikiwa imetia nanga, askari wakatapika kabla ya kumwona adui.

Kazi ya mjomba ilikuwa ule mlango. Alikaa puani mwa meli, katika kijichumba chenye winchi na simu ya kuongea na chumba cha usukani. Mlango ulishikiliwa na waya mnene wa chuma, na juu ya hapo ulifungwa kwa pini kubwa, nene kama mkono wa mtu, zilizopigwa kila upande. Kanuni ilisema pini zisiguswe mpaka meli ikae mchangani.

Basi siku moja wakaingia ufukweni wanapigwa mizinga, na pini zikagoma. Mawimbi ya safari yalikuwa yamezibana. Mjomba alizipiga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi, nyuma yake askari wamejazana wanapiga mayowe wafunguliwe, na bomu likaangukia katikati yao kabla pini ya mwisho haijatoka. Jioni hiyo baba alimwita. Akamwambia hatakubali tena watu wake wafe kama panya kwenye debe. Kuanzia hapo wakawa na mtindo wao. Meli ikikaribia nchi kavu, bado iko majini, baba anapiga simu: "Mlango, legeza." Maana yake ni moja tu: toa pini zote, uache mlango umefungwa ila unaning'inia kwa waya peke yake. Wakigusa mchanga anasema "Fungua," na mlango unaanguka hapo hapo.

Ilifanya kazi. Hakuna meli iliyoshusha mizigo upesi kama Kabati. Baba akavishwa nishani, wakubwa wakampigia makofi, na hakuna aliyeuliza anafanyaje. Lile neno halikuwa kwenye kanuni yoyote. Lilizaliwa mle melini na likajulikana mle tu.

Melini hapakuwa na ushemeji. Baba aliitwa Nahodha na mjomba aliitwa Mlango, basi. Rafiki yake mkubwa mjomba alikuwa dereva wa lori la kwanza, kwa sababu lori hilo liliegeshwa kila mara karibu na winchi na wawili hao hawakuwa na pa kukimbiana. Dereva alikuwa mcheshi. Alikuwa akimwambia mjomba, "Wewe mlango wako ukigoma, nitausukuma kwa bampa niende zangu." Mke wake alikuwa amejifungua pacha, na walikuwa wamekubaliana kwamba vita vikiisha watafungua gereji, mmoja aendeshe, mwingine atengeneze.

Safari ya mwisho bahari ilichafuka. Meli ilikuwa imejaa malori na askari, nchi kavu inaonekana kwa mbali. Simu ikalia.

"Mlango, legeza."

"Nahodha, mawimbi yanaupiga mlango wenyewe," mjomba akajibu. "Waya peke yake hautaweza. Tusubiri mchanga."

Kisha baba akasema, kwa sauti ya nyumbani:

"Legeza, shemeji."

Mjomba aliniambia kwamba na nahodha angebishana. Alishabishana naye zaidi ya mara moja. Lakini mume wa mdogo wake alikuwa anamwomba, na yeye hajawahi kumnyima mdogo wake kitu. Akachukua nyundo akatoa pini.

Wimbi la kwanza waya ulivumilia. La pili likaukata. Mlango ukafunguka baharini, maji yakaingia kwa kishindo mahali palipokuwa na malori na watu, na Kabati ikainamisha kichwa ikazama. Walioponea chupuchupu ni waliokuwa juu, kwenye usukani, baba akiwa mmoja wao. Mjomba maji yalimsomba, akatupwa nje akang'ang'ania pipa la mafuta. Dereva alikuwa ndani ya lori lake. Ndilo lililokuwa mbele kabisa.

Baadaye ikaundwa tume. Ukumbi mkubwa, wakubwa watatu mezani, wajane kwenye viti vya nyuma na nguo zao nyeusi za msiba. Mjomba akaitwa kwanza. Alikwenda pale na moyo mweupe, akijua shemeji yake yupo na ataeleza vizuri kuliko yeye.

"Uliufanya nini mlango?" akaulizwa.

"Niliulegeza, mheshimiwa."

Ukumbi mzima ukaguna. Hebu fikiria wewe ni mjane, umekaa pale, unamsikia mtu anasema hivyo bila hata kumeza mate.

"Uliulegeza? Kwa nini?"

"Niliambiwa legeza."

"Na nani?"

"Na nahodha."

Ikafika zamu ya baba. Wakamuuliza kama aliamuru mlango ufunguliwe baharini. Akasema hapana, na hapo hakusema uongo. Wakamuuliza kama aliamuru pini zitolewe. Akasema hapana.

"Shahidi anasema ulimwambia 'legeza'. Neno hilo lina maana gani katika meli yako?"

Baba akashika kofia yake, akaitazama, kisha akasema: "Halina maana yoyote, mheshimiwa. Sijui amelitoa wapi. Labda ni yeye mwenyewe aliyelegea."

Mtu mmoja akacheka, cheko la uchungu, na jina likawa limepatikana. Wale wa usukani waliokuwa wanalijua neno walikuwa wanamtegemea baba kwa cheo na safari, kwa hiyo waliangalia viatu vyao. Wengine wote waliolijua walikuwa chini ya bahari. Mjomba alifukuzwa jeshini kwa aibu na akafungwa. Huko gerezani ndiko alikojifunza kuchomelea mageti. Sisi watoto tuliambiwa amesafiri.

Mama alikwenda kumwona. Nilipokuja kujua kwamba alifungwa, nilidhani kwa miaka mingi kwamba mama alikwenda kumpelekea sabuni na kumlilia kaka yake. Sabuni alipeleka kweli. Lakini alimwambia hivi: "Kaka, najua. Shemeji yako kanieleza mwenyewe usiku ule aliorudi kutoka baharini. Ila nina watoto wadogo. Wakimchukua baba yao tutakwenda wapi? Nakuomba yaishe hapa." Mjomba akakubali yaishe. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba siku shemeji akiacha jeshi na hakuna tena wa kumgusa, aseme ukweli mbele ya watu. Mama akaahidi kwa niaba ya mumewe.

Baba akapewa meli nyingine, kisha ofisi, kisha ofisi kubwa zaidi. Mjomba alipotoka alifungua karakana mtaa wa pili kutoka kwetu. Na nani akawa anakaa nyumba ya tatu kutoka karakana? Mama Pacha, mjane wa dereva. Yule mama alipoona ni nani amehamia, alianza kuvuka barabara kila akifika pale. Akitoka sokoni na mizigo yake mikono yote miwili, jua linawaka, atavuka, atapita upande wa pili, kisha atavuka tena kuingia kwake. Mjomba alikuwa akizima mashine anapopita, ili amsalimie. Sijui alifikiri mama huyo ataitikia nini.

Mimi nilikua nikijua mjomba alifanya uzembe vitani na hatulisemi jambo hilo mezani. Nikawa fundi cherehani, nikafungua duka langu, nikaenda kwake kuagiza geti la chuma. Alikuwa anapima, mimi nimekaa kwenye ndoo nikimchokoza kama nilivyozoea.

"Mjomba, hivi hili jina lako ulifanya nini hasa?"

Akapima kwanza. Kisha akasema, "Walisema nililegeza mlango."

"Sasa kulegeza tu ndiyo watu wafe? Si ulikuwa bado umefungwa?"

Futi ya kupimia ikamrudi mkononi kwa kishindo. "Umesemaje?"

"Kulegeza si ni kutoa makomeo tu? Mlango wenyewe unaacha umefungwa."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba," nikamwambia. "Kwetu ndivyo tunavyosema."

Na ndivyo tulivyosema. Kwa watu wote duniani kulegeza ni kuacha kitu kikose kubana. Kwangu dukani ni kuachia mshono kwa aliyenenepa. Lakini nyumbani kwetu, wageni wakikaribia kufika, baba alikuwa akituagiza kutoka kwenye kiti chake: "Mmoja akalegeze mlango," na tuliokuwa wadogo tulikimbia kutoa makomeo, tukauacha mlango umerudishwa, tukingoja hodi. Nilishangaa nilipokwenda kwa wenzangu nikakuta hawalijui. Nilidhani ni watu wasiojua kusema.

Mjomba alikaa chini kwenye vyuma vyake. Akanisimulia yote, toka pini zilizogoma mpaka ile simu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, kwa sababu mtu aliyeapa mbele ya wajane kwamba neno halina maana alirudi nyumbani akawafundisha watoto wake neno lile lile, na akaendelea kulitumia kila akitarajia wageni.

Siku hiyo hiyo nilimkuta baba sebuleni, amestaafu tayari, anasikiliza redio. Nikaizima.

"Baba, kulegeza maana yake nini?"

Alinitazama nikajua amejua. Mama akatoka jikoni na kitambaa mkononi. "Nyamaza wewe, majirani watasikia."

"Si nataka wasikie!"

Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alizungumza taratibu, akaniambia kwamba pini zile zingemfunga maisha, kwamba sisi tulikuwa wadogo, kwamba mtindo ule uliokoa wengi kabla ya kuua. Halafu akasema, "Mjomba wako hakuwa na watoto."

Yaani walipima. Walikaa, yeye na mama, wakapima nani atolewe kafara, na mizani ikamwangukia asiye na watoto. Nilimtazama mama nikitegemea atakataa. Alikuwa anakunja kitambaa.

"Nitasema," baba akaniambia. "Mwezi ujao wanazindua mnara wa Kabati pale bandarini. Mimi ndiye mzungumzaji. Nitasema mbele ya wote. Mwambie shemeji aje."

Nilimpa mjomba ujumbe huo na nikamshonea shati jeupe la mikono mirefu. Alisimama mbele ya kioo changu akajigeuza, mzee mzima, akauliza kama kola haijapinda. Akauliza tena, "Ana hakika atalisema na lenyewe lile neno?"

"Amesema atasema."

"Basi Mama Pacha aketi karibu. Masikio yake siku hizi si mazuri." Kwake hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yote. Jeshi limrudishie jina lake, wakubwa wamwombe radhi, hayo hakuyataja. Alitaka mama mmoja asikie kwamba mlango haukufunguliwa kwa uzembe.

Nilimtafutia Mama Pacha kiti cha safu ya pili. Mjomba akakaa nyuma yake kidogo, mimi ubavuni. Mama alikuwa mbele pamoja na wake za wakubwa, amependeza. Baba akapanda jukwaani na nishani zake. Alianza vizuri, akaeleza Kabati ilivyolisha jeshi zima huku hakuna anayeijua, akawafanya watu wacheke kwa vitunguu, akawafanya walie kwa majina. Alipomtaja dereva, Mama Pacha alijifuta macho. Kisha akasema, "Kuna jambo nimelibeba tangu siku ile, na leo nataka kulitua."

Mjomba akanishika mkono.

"Yuko kati yetu mtu aliyekosea siku ile," baba akasema. "Mimi na yeye ni ndugu. Amebeba lawama muda mrefu. Leo, mbele ya majina haya, mimi kama nahodha wake namsamehe. Shemeji, nimekusamehe kwa moyo mmoja, na nawaomba wote mumsamehe."

Kisha watu wakasimama wakapiga makofi. Walipiga kweli, wengine wanalia, eti baba ni mtu wa aina gani huyu, moyo mkubwa namna gani. Nikamwangalia mama. Alikuwa anapiga makofi pamoja nao, ameinamisha uso, lakini mikono inakwenda.

Nikainuka nipige kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mjomba alinivuta kwa nguvu za mtu wa vyuma, nikakaa, kwa sababu Mama Pacha alikuwa amegeuka.

Alishika viti akitembea kuja kwetu, watu wakampisha. Akasimama mbele ya mjomba. Ilikuwa mara ya kwanza kumsogelea tangu awe mjane.

"Nimesikia kila neno leo," akasema. "Kama yeye aliyepoteza meli nzima ameweza, mimi ni nani nisiweze?" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Na mimi nimekusamehe. Kwa yote."

Nilimwomba mjomba kwa macho. Sema. Sema sasa hivi, yuko hapa, anakusikia. Mjomba alimtazama yule mama usoni, akasema, "Asante, Mama Pacha."

Tulirudi kwa miguu. Sikutaka gari la baba. Nilikuwa nafoka njia nzima, nikisema nitakwenda kwa yule mama mwenyewe, nitakwenda redioni, nitabandika karatasi kwenye ule mnara. Mjomba aliniacha nifoke mpaka nikachoka.

"Ulimwona alivyopumua?" akaniuliza. "Amekuwa na chuki hiyo mgongoni muda wote huu, leo ndiyo kaitua. Ukimwambia ilikuwa ya mtu mwingine, ataibeba tena toka mwanzo, na sasa kwa baba yako, mtu anayemheshimu."

"Na wewe je?"

"Mimi alinishika mkono," akasema.

Kesho yake nilikwenda karakana mapema, nimeshaamua kumbishia. Alikuwa anachomelea geti la watu. Mama Pacha akatokea na kikapu chake, akaja upande wetu wa barabara, akasimama mlangoni. Mjomba akazima mashine, akavua miwani, akafuta mikono kwenye suruali.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Njema, mama. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo," akasema, na akamtabasamia kwa huruma ya kweli. "Jana niliwaita nikawaeleza. Na wao wamekusamehe."

Mjomba akamwambia awafikishie shukrani. Alipokwisha kwenda, akavaa miwani yake akawasha mashine, na sikuweza kuona uso wake.